Masuali ya Wasomaji: Kwa Nini Mikoa ya Zanzibar Haiongezeki Watu kwa Kasi Moja?

Toleo lililopita lilichapisha jaduweli la matokeo ya sensa za Zanzibar kwa mikoa yote mitano, yaani Mjini Magharibi, Kaskazini Unguja na Kusini Unguja katika kisiwa cha Unguja, na Kaskazini Pemba na Kusini Pemba katika kisiwa cha Pemba, na barua tulizopokea zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyaacha kama walivyoomba.

Mwalimu wa Jiografia, Wete: Assalamu alaykum. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu jaduweli lenu, mmoja wao aliuliza: ikiwa tafiti za afya ya uzazi zinasema kila mara kwamba Pemba ndiko wanawake wanakozaa watoto wengi zaidi, imekuwaje baina ya 2002 na 2012 Mkoa wa Kusini Pemba ukaongezeka kwa asilimia moja tu kwa mwaka, na Mjini Magharibi kwa zaidi ya asilimia nne? Na je, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani?

Jibu: Wa alaykumu salamu, Mwalimu. Idadi ya watu wa mahali popote hubadilika kwa mambo matatu: watu huzaliwa, watu hufa, na watu huhama, ama kwa kuingia ama kwa kutoka. Ukiitazama nchi nzima, vizazi na vifo ndivyo vinavyotawala hesabu. Ukiigawa nchi hiyo katika mikoa, uhamaji unapata nguvu ambayo mwanzo hukuiona, kwa sababu mtu anayepanda meli katika bandari ya Mkoani, Pemba, na kuteremka Malindi, bandari ya mjini Unguja, haongezi wala hapunguzi idadi ya watu wa Zanzibar, lakini Kusini Pemba imempoteza na Mjini Magharibi imempata. Kwa hiyo wanawake wa Pemba wanaweza kuzaa zaidi, kama tafiti zinavyosema, na bado kisiwa chao kikaongezeka polepole.

Nianze na suali lako la mwisho, maana ndilo linaloufungua mlango wa lile la kwanza. Hali haikuwa hivi siku zote. Sensa ya 1948 iliikuta Pemba ina watu karibu 114,600 na Unguja karibu 149,600. Miaka kumi baadaye Pemba ilikuwa imeongezeka kwa takribani asilimia 17, na Unguja kwa asilimia 10 na nusu. Ilipofika sensa ya 1967, katika kila wakaazi 100 wa Zanzibar, 46 walikuwa Pemba. Wazee waliokua wakati ule hawakuwa wakitia chumvi wanapotuambia kwamba visiwa viwili hivi vilikuwa vinakaribia kulingana.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kwa kiasi kikubwa kikaisalimisha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu la visiwa hivi. Kijana wa Pemba alikuwa na sababu ya kubaki kwao: kulikuwa na mikarafuu ya familia, kulikuwa na kazi ya kuchuma na kuanika, na hata asiyekuwa na shamba alipata ujira wa msimu. Unguja ndiyo iliyokuwa ikipeleka wachumaji Pemba kila karafuu zilipozaa.

Baada ya 1967 fungu la Pemba likaanza kuteremka. Lilikuwa 43 katika kila 100 mwaka 1978, 41 mwaka 1988, 37 mwaka 2002, 31 mwaka 2012 na 29 mwaka 2022. Wanafunzi wako wasifahamu vibaya hapa: watu wa Pemba hawakupungua katika sensa yoyote kati ya hizo. Walikuwa kiasi cha 205,000 mwaka 1978, na mwaka 2022 walihesabiwa 543,441. Kilichopungua ni fungu lao katika jumla, na jambo hilo lina uzito nje ya darasa vilevile, kwani majimbo ya uchaguzi hugawiwa kwa kuzingatia watu. Pemba ilikuwa na majimbo 21 kati ya 50 katika uchaguzi wa 2000, na 18 kati ya 50 katika uchaguzi wa 2005.

Kuteremka huko kulizidi kasi baada ya soko la karafuu kuanguka katika miaka ya themanini, pale Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilipofikia kujitosheleza kwa mazao yake yenyewe. Karibu na wakati huohuo Unguja ilikuwa inafungua hoteli za kitalii, biashara ya kuagiza bidhaa ilikuwa imeruhusiwa, na ofisi za Serikali, bandari kubwa na uwanja wa ndege wa kimataifa vyote vilikuwa Unguja. Kijana aliyemaliza skuli Wete au Mkoani akawa hana la kusubiri. Wengi walikwenda mjini Unguja, wengine Tanga na Dar es Salaam, wengine Mombasa, na wengine Oman na nchi nyengine za Ghuba.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mara nyingi husahaulika, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Anayehama kwa kawaida ni mtu wa miaka ishirini na kitu, ambaye bado hajaoa au ndiyo kwanza ameoa. Akiondoka, anaondoka na watoto atakaowazaa. Mtoto wa wazazi wawili wa Kipemba akizaliwa Mwanakwerekwe, huhesabiwa katika ongezeko la asili (vizazi vikitolewa vifo) la Mjini Magharibi, na wala haonekani katika jaduweli kuwa ni matokeo ya uhamaji. Ndiyo maana athari ya uhamaji ni kubwa kuliko hesabu ya wasafiri peke yake, na ndiyo maana mkoa unaopoteza vijana hupungukiwa kwa kizazi kizima baada ya wao kuondoka.

Kwa mfano wa darasani, chukua mkoa ambao vizazi vikitolewa vifo vinaacha ongezeko la watu watatu katika kila 100 kwa mwaka. Sensa ikionyesha kwamba mkoa huo umeongezeka kwa mmoja tu, wale wawili wameondoka. Waambie wanafunzi wachukue mikoa yote mitano na wafanye hesabu hiyo. Wataona mara moja ni ipi inayotoa watu na ni ipi inayopokea.

Baina ya 2012 na 2022, hata hivyo, mambo yaligeuka. Kusini Pemba iliongezeka kwa asilimia 3.3 kwa mwaka na Kaskazini Pemba kwa asilimia 2.5, baada ya muongo wa asilimia 1.0 na 1.3. Zipo sababu za kweli za kuamini kwamba hali ilikuwa nafuu: kuanzia 2011 Serikali ilipandisha sana bei anayolipwa mkulima wa karafuu, na malaria, iliyokuwa ikiua watoto wadogo kuliko maradhi mengine mengi, ilikwisha kupungua mno Zanzibar tangu katikati ya muongo uliotangulia. Lakini uzazi haukupanda katika miaka hiyo, na kisiwa hakigeuki kutoka asilimia moja na kitu hadi karibu asilimia tatu kwa bei ya karafuu peke yake. Sensa ni kazi ya binadamu. Ikiwa moja imewakosa watu kidogo na inayofuata ikawapata, muongo wa kwanza utaonekana umedumaa na wa pili utaonekana umefura. Mimi ningewasomesha wanafunzi waitazame miaka 20 kwa pamoja, kutoka 2002 hadi 2022, ambapo Pemba iliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.0 kwa mwaka na Unguja kwa 3.9. Picha hiyo naiamini zaidi kuliko ya muongo mmoja mmoja.

Mzee, Kikwajuni: Nimezaliwa hapahapa Ng'ambo na sijahama. Nasikia Wilaya ya Mjini imepungua watu. Kila asubuhi nikienda Darajani napita kwa kubanwa mabega. Takwimu zinatufanyia mzaha?

Jibu: Hazikufanyii mzaha, Mzee wangu. Unachokiona Darajani asubuhi ni watu wa mchana, na sensa huhesabu watu wa usiku. Wengi wa wanaokubana mabega walilala Fuoni, Tomondo, Kwarara, Chukwani au Bububu, wakapanda daladala kuja mjini kununua, kuuza, kusoma au kufanya kazi, na jioni watarudi makwao.

Wilaya ya Mjini ilikuwa na watu 206,292 mwaka 2002 na 223,033 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilihesabiwa watu wapatao 219,000, kwa hiyo ni kweli kwamba imepungua kidogo. Iliyokuwa Wilaya ya Magharibi ilikuwa na watu 184,710 mwaka 2002. Kufika 2012 ilikuwa na 370,645, yaani ilijikunja mara mbili katika miaka kumi tu, na mwaka 2022 eneo hilohilo, ambalo sasa ni wilaya mbili za Magharibi A na Magharibi B, lilikuwa na watu takribani 674,000. Mji haukusimama kukua. Ulikwishajaa ndani ukamwagikia nje, na mpaka wa wilaya ndio unaotufanya tuone vitu viwili pale palipo na mji mmoja.

Sababu zake wewe mwenyewe unazijua kuliko mimi. Nyumba ya Ng'ambo aliyoijenga babu ilikuwa na vyumba sita na familia moja. Wajukuu walipoongezeka, mmoja alinunua kiwanja Magharibi, wa pili akamfuata, na ile ya mjini ikakodishwa au ikafunguliwa duka mbele. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba nyingi zilizokuwa za kukaa watu zimegeuzwa hoteli na nyumba za wageni. Na kule katikati hakuna tena ardhi ya kujenga nyumba mpya ya chini. Kuna kupanda juu tu, na nyumba za ghorofa kama zile za Michenzani hazijengwi kila mwaka.

Hili halikutokea kwetu peke yetu. Dar es Salaam, iliyokuwa ikiongezeka kwa asilimia 5.6 kwa mwaka baina ya 2002 na 2012, ilishuka hadi asilimia 2.1 katika muongo uliofuata, wakati Mkoa wa Pwani unaoizunguka uliruka kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Anayesoma mstari wa Dar es Salaam peke yake atadhani watu wameuchoka mji ule, kumbe wamejenga ng'ambo ya mpaka na kila siku wanakwenda kazini palepale.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni ardhi yenyewe. Mkoa wa Mjini Magharibi una kilomita za mraba 230 na mwaka 2022 ulikuwa na watu 893,169, ambayo ni karibu watu 3,900 katika kila kilomita moja. Kwa Zanzibar nzima msongamano ulikuwa watu 530 kwa kilomita mwaka 2012 na 768 mwaka 2022. Minazi na mihogo ya Magharibi inang'olewa ipandwe misingi ya nyumba, na maji ya visima vya eneo hilo yanahitajika na watu wengi zaidi kila mwaka. Sehemu nyingi za makaazi hayo zilijengwa kabla ya barabara na mitaro ya maji ya mvua, na msimu wa masika hutuonyesha gharama yake.

Bibi, Jambiani: Kijana wangu wa chuo na kiongozi mmoja wa mtaani wamebishana barazani kwangu. Kiongozi anasema Mkoa wa Kusini Unguja umeongezeka kwa asilimia karibu saba kila mwaka, kwa kuwa umeongezeka kwa 69 katika miaka kumi. Kijana anasema ni tano na kitu. Nani mkweli? Na watu wote hao wanatoka wapi, maana sisi hatukuzaa kiasi hicho?

Jibu: Kijana wako ndiye mkweli, Bibi, lakini usimwambie kiongozi mbele ya watu. Mkoa wenu ulikuwa na watu 115,588 mwaka 2012 na 195,873 mwaka 2022, kwa hiyo ni kweli umeongezeka kwa asilimia 69. Kosa ni kuigawa hiyo 69 kwa kumi. Ongezeko la watu ni kama la ng'ombe: ndama wa mwaka wa kwanza naye huja akazaa, kwa hiyo kila mwaka unaanza na zizi kubwa zaidi kuliko la mwaka uliopita, na asilimia ndogo inatosha kukufikisha kwenye idadi kubwa. Kwa hesabu sahihi kasi hiyo ni asilimia 5.3 kwa mwaka.

Ukitaka kujua idadi itajikunja mara mbili baada ya muda gani, gawa 70 kwa kasi ya mwaka. Kwa asilimia 5.3 unapata miaka 13. Kwa asilimia 1.3, iliyokuwa kasi ya Kaskazini Pemba baina ya 2002 na 2012, unapata miaka 54. Hivyo ndivyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi inavyogeuka kuwa tofauti ya baba na mjukuu. Hesabu hii lakini inasema tu nini kingetokea kama kasi isingebadilika, na kasi ya mkoa mdogo hubadilika upesi: huohuo mkoa wenu ulikuwa ukiongezeka kwa asilimia 2.0 tu katika muongo uliotangulia, na ulikuwa ndio mdogo kuliko yote Zanzibar tangu 1978. Bado ndio mdogo.

Ama watu wanatoka wapi, nadhani baraza lako linawaona wakipita. Wilaya ya Kusini, yenye Makunduchi, Paje na Jambiani yenu, ilipanda kutoka watu 39,242 hadi 63,156, na humo hoteli ndizo zilizoita wapishi, walinzi, mafundi, madereva na wauza vinyago kutoka Tanzania Bara, kutoka Kenya na kutoka mjini Unguja. Wilaya ya Kati ilipanda zaidi, kutoka 76,346 hadi 132,717, na sababu yake si bahari peke yake. Vyuo vikuu vilivyopo Tunguu vimeleta wanafunzi na wafanyakazi, na watu waliokosa kiwanja Magharibi wamesogea mashariki kuvuka mpaka wa mkoa. Ule mmwagiko niliomweleza mzee wa Kikwajuni umeshafika kwenu.

Halafu kumbuka tarehe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na Agosti ni msimu wa watalii. Mfanyakazi wa hoteli aliyelala Paje usiku ule amehesabiwa Paje, hata kama mke na watoto wake wako Tanga na yeye hurudi kwao masika hoteli zinapofungwa. Sisemi kwamba nambari yenu ni ya uongo. Nasema kwamba mwezi Mei, mkoa wenu una watu wachache kuliko Agosti, na anayepanga idadi ya vitanda vya hospitali au madarasa ya skuli anapaswa kulijua hilo, kwa sababu kijana wa hoteli asiye na mtoto hapa anahitaji daktari lakini hahitaji dawati.

Mvuvi, Kojani: Wakati wa sensa mimi na wenzangu tulikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, pwani ya Tanga. Nimehesabiwa wapi, kwetu au kule?

Jibu: Kule, ikiwa karani wa sensa alilifika dago lenu. Kanuni ni moja kwa wote: mtu huandikwa pale alipolala usiku wa sensa. Kwa hiyo kisiwa chenye desturi ya dago huonekana kina wanaume wachache na wanawake wengi kuliko hali yake ya kawaida, na karani asiyejua desturi hiyo anaweza kudhani wanaume wenu wamehama. Kuna maswali mengine katika dodoso yanayouliza mtu kwa kawaida anaishi wapi na alizaliwa wapi, na majibu yake ndiyo yanayowarudisha kwenu katika hesabu za uhamaji. Usiyajibu kwa haraka.

Mwanafunzi wa chuo kikuu, Tunguu: Nataka kulinganisha kasi ya ongezeko la Magharibi A na Magharibi B kwa sensa tatu zilizopita. Nimekosa nambari za 2002 na 2012.

Jibu: Umezikosa kwa sababu hazikuchapishwa kwa mgawanyo huo, wilaya hizo mbili zilikuwa moja hadi baada ya sensa ya 2012. Una njia mbili. Ya kwanza na iliyo rahisi ni kuzijumlisha A na B za 2022, uzilinganishe na Magharibi ya zamani. Ya pili ni kuchukua matokeo ya shehia (sehemu ndogo za utawala ndani ya wilaya) moja moja kwa sensa zote, uzipange upya shehia za zamani kwa mipaka ya sasa, nawe ujihadhari, kwani baadhi ya shehia nazo zimegawiwa na majina yakabadilika. Tatizo hilohilo utalikuta ukivuka kwenda Bara, ambako Njombe, Katavi, Simiyu na Geita zilifanywa mikoa mwaka 2012 na Songwe ikafuata 2016, hata ukilinganisha Iringa ya 2002 na Iringa ya 2012 utadhani watu wamekimbia balaa, na kumbe ni Njombe imekatwa. Andika katika ukurasa wa kwanza wa kazi yako ni mipaka ya mwaka gani unayoitumia.